Stelingi Hafi

Dada yangu haangalii filamu yoyote kabla ya kuuliza swali moja. Hataki kujua imechezwa na nani wala imetoka mwaka gani. Anauliza: "Kuna mtu anakufa humo?"

Alianza kuuliza hivyo mwaka 2017, baada ya mama yetu kufariki kwa maradhi ya moyo. Mimi wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa historia Dar es Salaam, na kila likizo nilirudi Tanga na flashi iliyojaa filamu. Nilikuwa na msimamo wangu pia, na niliuona ni wa mtu mstaarabu: mwisho wa filamu hausemwi. Ukimwambia mtu mwisho umemharibia uhondo, umemla chakula chake ukamwachia sahani. Kwa hiyo dada alipouliza swali lake, nilikuwa nacheka na kumjibu, "Kaa uangalie mwenyewe."

Likizo moja nilimwekea Kal Ho Naa Ho. Nilimwambia ni picha la Kihindi la nyimbo, harusi na vichekesho, na sikusema uongo. Ilitoka mwaka 2003, kisa kinatokea New York, na kwa saa nzima ya mwanzo Shah Rukh Khan anaruka na kuimba na kupatanisha watu waliogombana. Jina lake humo ni Aman. Dada alicheka, hata akaita majirani. Katikati ikajulikana kwamba Aman ana maradhi ya moyo yasiyopona, na kwamba anamtafutia mwanamke anayempenda mume mwingine kabla hajaondoka duniani. Dada alinyanyuka akaenda chumbani. Nilisimamisha filamu nikamfuata.

"Ulikuwa unajua?" aliniuliza.

"Nilikuwa najua, dada. Sikutaka kukuharibia uhondo."

"Uhondo gani?"

Hakunisemesha kwa siku mbili.

Ningekuwa na akili ningeomba msamaha yakaisha. Badala yake nilirudi chuoni na kuanza kutafuta hoja. Nilitaka kujua sheria hii ya kutosema mwisho ilitoka wapi, nikiamini nitakuta ni ya kale na kila jamii yenye heshima kwa hadithi inaifuata. Nilichokuta kilinifedhehesha kidogo.

Kwanza, kwa miongo mingi watu wa Marekani na Uingereza hawakuwa na desturi ya kuingia sinema mwanzo wa filamu. Majumba mengi yalikuwa yakionyesha mfululizo, filamu ikiisha inaanza tena, na mlango uko wazi. Mtu alikata tiketi alipopata nafasi, akaingia katikati ya kisa, akaona mwisho, akasubiri mwanzo, na filamu ilipofika pale alipoikuta aliinuka akaenda zake. Mamilioni ya watu waliangalia sinema namna hiyo, mwisho kwanza na mwanzo baadaye, na biashara ya filamu haikufa. Ilinona.

Walikuwapo, ni kweli, waliowaomba watazamaji wafunge midomo. Filamu ya bubu iitwayo The Bat, ya mwaka 1926, ilianza kwa maandishi ya kuwasihi watu wasimtaje mhalifu. Mchezo wa jukwaani wa Agatha Christie, The Mousetrap, ulianza kuonyeshwa London mwaka 1952, na kila usiku unapokwisha watazamaji huombwa waondoke na siri yao. Henri-Georges Clouzot wa Ufaransa aliifunga Les Diaboliques, mwaka 1955, kwa maandishi ya kuomba jambo hilohilo. Lakini zote hizo ni hadithi za fumbo. Mtu anatafutwa, na ukimtaja umemaliza kazi. Hakuna aliyedai kwamba kila hadithi ilindwe hivyo.

Kisha akaja Alfred Hitchcock na Psycho, mwaka 1960. Nitatoboa siri yake sasa, na kama hujaiona nisamehe, imepita miaka zaidi ya 60. Marion Crane, aliyechezwa na Janet Leigh, anaiba dola 40,000 kwa tajiri yake, anakimbia na gari, anapanga chumba kwenye hoteli ndogo ya kando ya barabara, anaingia kuoga, anauawa. Zaidi ya nusu ya filamu bado ipo mbele. Janet Leigh ndiye aliyekuwa nyota, jina lake lilikuwa kwenye mabango, na kwa mazoea ya siku zile mtu aliyechelewa angeingia, akakaa akimsubiri, asimwone, akadhani amedhulumiwa hela yake. Basi Hitchcock akatoa amri: filamu ikishaanza, haingii mtu. Vibao vya mfano wake viliwekwa kwenye kumbi vikionyesha saa, sauti yake iliyorekodiwa ilipigwa kwa watu waliopanga foleni, na tangazo lilisema haruhusiwi kuingia hata Rais wa Marekani wala Malkia wa Uingereza. Wenye majumba walinung'unika kwamba watapoteza wateja. Walipoona foleni zinazunguka mitaa, wakanyamaza.

Ndipo nikaona sheria yangu ya ustaarabu ilivyokuwa na sehemu yake ya ufundi wa kuuza tiketi. Na bado inauza. Mwaka 2019, Avengers: Endgame ilipokaribia kutoka, waongozaji wake walitoa barua kwa mashabiki duniani kote wakiwasihi wasitoboe. Filamu ile iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.2 kwa wikiendi ya kwanza tu. Nami nilikuwa miongoni mwa waliochangia: nilikopa hela kwa mwenzangu wa chumba ili niione siku za mwanzo, maana kila aliyekwisha kuiona alikuwa tishio kwangu. Nilizima data ya simu siku mbili. Nikikumbuka najicheka, lakini sikatai kwamba nilifaidi. Ukumbi mzima ulipiga kelele pamoja, na kelele ile isingetoka kama tungekuwa tumesimuliwa.

Kinachochekesha ni kwamba Hitchcock huyohuyo ndiye aliyetoa hoja kali dhidi yangu. Katika mazungumzo yake marefu na François Truffaut, yaliyotolewa kitabu mwaka 1966, alieleza mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza. Watu wawili wanaongea. Kama mtazamaji hajui bomu lipo, likilipuka atashtuka kwa sekunde 15. Kama anajua, na anaona saa ukutani, basi mazungumzo yaleyale ya kipuuzi yatampa dakika 15 za roho mkononi. Kwa hiyo, alisema, mara nyingi mtazamaji aambiwe. Aliacha mlango mmoja tu: pale ambapo kugeuka kwa kisa ndiyo hadithi yenyewe. Huyo ndiye mtu aliyefunga milango ya sinema.

Nilimsomea bibi habari hizi kwenye simu. Bibi yangu ni mzaliwa wa Unguja aliyeolewa Tanga, na ujana wake ulikuwa wa sinema, kule kwao na hapa, enzi za picha la Kihindi kujaza ukumbi mpaka tiketi zinalanguliwa nje. Alisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, kwa mshangao wa kweli, "Sasa mtu ataingiaje hajui kisa?"

Wao, alinieleza, hawakujua Kihindi. Mmoja akitangulia kwenda, anarudi anahadithia, uani, barazani, sokoni. Nani kampenda nani, nani kamtupa mtoto, nani kafungwa. Ukishahadithiwa ndipo unakwenda, maana sasa huna haja ya kuhangaika na maneno, unaangalia uso. Unaangalia namna Nargis anavyogeuza shingo. Ukirudi unahadithia wengine, na wiki ijayo unarudi tena kulia palepale ulipolia. Mother India ya mwaka 1957 aliiona mara nyingi hata hazihesabu. Inaanza na bibi kizee, inarudi nyuma kwenye harusi yake, na inaishia pale mama anapompiga risasi mwanawe mwenyewe. "Tunajua atampiga," bibi alisema. "Tunamwangalia anavyomlea."

Laura Fair, mwanahistoria Mmarekani aliyetoa mwaka 2018 kitabu kizima juu ya sinema za Tanzania, aliwahoji wazee wengi wa rika la bibi, na mojawapo ya filamu zilizowakaa moyoni ni Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Nikaitafuta. Inaanza mahakamani. Raj yumo kizimbani kwa kosa la kujaribu kumuua jaji, na wakili wake, mwanamke anayempenda, anaanza kuuliza maswali. Yaani mtazamaji anapewa karibu na mwisho kwanza, na saa zinazofuata ni za kujua kijana yule alifikaje pale. Ungeitolea onyo la kutotoboa siri, ungetoa onyo dhidi ya filamu yenyewe.

Wala bibi hakujifunzia sinema tabia hiyo. Nani pwani alikaa kusikiliza utenzi wa Fumo Liyongo bila kujua kwamba Liyongo atachomwa sindano ya shaba kitovuni, na kwamba atakayemchoma ni mwanawe? Muhammad Kijuma alipouandika utenzi ule mwaka 1913, kisa kilikuwa kimekwisha kuzunguka pwani nzima kwa muda mrefu. Msikilizaji alikuwa anaijua sindano tangu ubeti wa kwanza. Kila Liyongo anapomkumbatia mtoto wake, ni bomu la Hitchcock chini ya meza.

Hata watoto wa rika langu tulilelewa na mwisho mkononi, nami nilikuwa nimesahau. Mtaani kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, banda la video lilikuwa chumba cha mabati chenye mabenchi, deki moja na televisheni ya kichogo. Kila filamu ilikuwa na watu wawili, stelingi na adui, na sheria moja isiyovunjwa: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, adui atacheka sana, lakini hafi. Tulijua hivyo kabla ya kutoa hela mfukoni. Hakuna aliyekwenda kuona kama Arnold Schwarzenegger atashinda kwenye Commando. Tulikwenda kuona atashindaje, na kwa mara ya ngapi.

Na tulikuwa na mtu wa kututangulia. Filamu zilizopendwa zaidi zilikuwa zile zilizotafsiriwa, na mfalme wao alikuwa Lufufu, Derek Mukandala, aliyezipa picha za Marekani, Hong Kong na India sauti ya Kiswahili, na chumvi, pilipili na matusi madogomadogo ambayo mwandishi wa filamu hakuyaandika. Waganda wanao wa kwao, wanawaita maveejay, na VJ Jingo ni jina kubwa. Kenya wanaye DJ Afro. Wajapani waliwahi kuwa nao zamani, enzi za filamu za bubu: waliitwa benshi, walisimama kando ya pazia wakisimulia, na wapo walioenda sinema kwa ajili ya benshi kuliko nyota. Mtafsiri ameshaiona filamu yote. Hawezi kujifanya hajui. Sauti yake inakuonya huyu rafiki ni msaliti wakati msaliti bado anatabasamu, na banda zima linaguna.

Nilipofika hapo nilijiona nimeshindwa kwa hoja, nikatafuta wanasayansi waniokoe. Mwaka 2011, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa wanafunzi hadithi fupi 12, wengine wakiwa wametobolewa mwisho na wengine la. Waliotobolewa walizipenda zaidi hadithi, hata zile za upelelezi. Mwaka 2015, Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum walifanya jaribio lao, wakakuta waliotobolewa wamepunguza kufaidi. Zote mbili zilikuwa za hadithi za kusoma, si za kukaa gizani na watu mia mbili. Nikaona hapo hakuna wa kuniokoa wala wa kuniangamiza.

Bado sijaacha imani yangu yote. Kuna kitu ambacho mtu hupewa mara moja. Stelingi wa kwanza kufa mbele yangu alikuwa Jack wa Titanic, na mpaka leo nakumbuka benchi nililokalia. Filamu ile ya mwaka 1997 haikumficha mtu habari ya meli. James Cameron anaonyesha kwa kompyuta, mapema kabisa, jinsi ilivyoingia maji, ikanyanyuka mkia, ikakatika vipande viwili. Lakini juu ya Jack alinyamaza. Nilikuwa na miaka tisa hivi, nikasubiri atoke majini, maana stelingi hafi. Nilirudi nyumbani nalia. Kama mtu angeniambia kabla, nisingekuwa na machozi yale, na siyauzi kwa bei yoyote.

Nilimpelekea dada habari hizi zote kwa ujumbe wa sauti, dakika kumi na kitu, nikijitetea na kujisuta kwa wakati mmoja. Ujumbe mrefu wa sauti ni adhabu, najua. Alijibu usiku.

"Siku ya Jack," alisema, "mimi sikulia. Unajua kwa nini? Mama aliniambia."

Nilikuwa nimesahau hilo pia. Mama hakuwa na subira na filamu. Kila muziki ulipobadilika, sisi tukijificha nyuma ya kiti, yeye akiwa anachambua mchele alikuwa anasema bila kunyanyua macho, "Tulieni, huyu hafi." Au, "Huyu anakufa, msimzoee." Mara nyingi filamu yenyewe alikuwa hajaiona, alikuwa anakisia, na alikosea mara nyingi. Mimi nilikuwa naziba masikio. Dada alikuwa anasogea karibu yake.

"Nilikuwa nakuuliza wewe kwa sababu yeye hayupo," dada alisema. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Tangu siku ile namwambia. Akipiga simu na jina la filamu, najibu kama karani: baba anakufa, mama hafi, mbwa anakufa lakini haonyeshwi. Nikiwa sijaiona natafuta mtandaoni. Ipo tovuti ya Kiingereza ambayo kazi yake ni hiyo, watu wasiojuana wanaambizana kama mbwa anakufa, kama mtoto anaumia, kama kuna hospitali. Nilipoigundua nilimtumia kiungo kwa furaha. Alisema anashukuru, lakini ataendelea kuniuliza mimi.

Sikukuu ya mwaka jana nilirudi Tanga, na dada mwenyewe ndiye aliyesema tuweke Kal Ho Naa Ho. Alikuwa tayari ameangalia dakika za mwisho peke yake kwenye simu, wiki ile, mara mbili. Sasa alitaka mwanzo.

Nilidhani naijua filamu ile. Dada aliiangalia kama bibi alivyomwangalia Nargis. Aman alipotokea mara ya kwanza, akicheka na kumsifia kila mtu, dada alinigusa goti. "Muone. Hapo tayari anajua." Alipowahimiza watu waifurahie siku waliyo nayo, maneno ambayo mimi niliyachukulia kuwa maneno ya stelingi wa Kihindi, dada alisema tena, "Anajua." Kila utani ulikuwa na kitu chini yake. Mara tatu nilikuwa nimeiangalia filamu ile, na sikuwahi kuona kwamba Aman anashika kifua katikati ya wimbo kisha anaendelea kucheza.

Majirani walikuwa wamekuja tena, wale waliofukuzwa mara ya kwanza na kilio. Mtoto wao mmoja, wa miaka saba hivi, aliuliza kama Aman atapona. Mama yake alinitazama mimi, nami nikamtazama dada.

"Hafiki mbali huyo, mwanangu," dada alimwambia. "Njoo ukae hapa."

Hospitali ilipokaribia alinyanyuka, akasema anakwenda kuangalia maharage jikoni. Niliuliza kama nisimamishe. Akasema hapana, wacha iende, anapajua.